Misuko Iliyoanzia Kisogoni

Nilimtambua baba yangu kwenye kichwa cha mtoto wa watu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saluni bado haijajaa. Mwanamke mmoja aliingia na binti wa miaka kama sita, akampandisha kwenye kiti changu. "Mfumue huyu, umsuke upya," akaniambia. "Jumatatu shule. Siwezi kumpeleka na vituko hivi."

Vituko vyenyewe vilikuwa misuko minane iliyoanzia kisogoni ikapanda hadi utosini, kila ncha imezungushwa mara tatu na kukunjwa kwa ndani. Huu ni mwaka wangu wa saba katika ususi, na sijaona msusi anayesuka hivyo. Yuko fundi umeme mmoja tu.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka mitano. Baba alijifunza kusuka kwa vipande vya nyaya, tatu tatu, juu ya meza ya kulia. Nami nikisukwa nilikuwa nalala kifudifudi mapajani pake, basi akaanzia palipomtazama: kisogoni. Ncha alizifunga kama anavyofunga waya. Shule nzima ilinicheka, na walionicheka niliwapiga.

"Nani kamsuka?" niliuliza, kama mtu anayeuliza saa.

"Mwenzangu. Ndiye aliyenielekeza kwako." Aliniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Nakwenda dukani mara moja. Yeye atakuja kumchukua."

Akatoka. Nikashika chanuo, nikaanza kufumua.

"Baba atanuna," mtoto akasema. "Kanisuka jana."

Jana. Jana aliniambia anavuta nyaya kwenye ghorofa jipya, asisubiriwe kula.

Nimesikiliza wateja wangapi kwenye kiti hiki wakilia kuhusu waume waliokutwa na harufu ngeni kwenye shati? Wote niliwashauri wawe na subira. Kumbe ushauri wangu ulikuwa pumba.

"Ulilala mapajani pake?"

"Eeh. Nikasinzia kabisa."

Nikavuta.

"Dada, unaniumiza."

"Nywele zako ngumu."

Hazikuwa ngumu. Zilikuwa laini kama pamba, na nilijua. Alifumba macho akavumilia, jambo lililonichoma zaidi, kwa sababu hata mimi nilikuwa mvumilivu hivyo.

Msuko wa mwisho ulikuwa mkononi mwangu Baba alipoingia, bisibisi mfukoni mwa shati. Hakushangaa. Alisimama mbali na kiti kama anayesubiri umeme ukatwe kwanza.

"Umewaleta kwangu makusudi," nikasema.

"Mdomo ulinishinda, mwanangu. Nikajua ukikiona kichwa utaelewa."

"Tangu lini?"

"Miezi minane."

"Miezi minane unakula chakula changu na kunidanganya. Mficha uchi hazai, Baba."

"Nilishazaa," akasema taratibu, "na niliyemzaa ndiye ninayemwogopa. Mwanamke wa kwanza niliyemleta nyumbani ulimwambia sahani zetu ni mbili tu. Wa pili hakumaliza hata chai."

Msusi mwenzangu wa kiti cha pili akaficha kicheko ndani ya taulo. Nikamkata jicho.

"Kwa hiyo nimeshabadilishwa."

"Nani kakubadilisha? Mtoto alikuwa na nywele chafu, nikamsuka. Sijui kusuka namna nyingine."

Hapo ndipo penyewe. Angempa baiskeli, ningekaa kimya. Angempa chumba changu, ningenuna wiki moja yakaisha. Lakini alichompa kilikuwa kimoja tu duniani, na nilikuwa nacho mimi.

"Kanawe mikono," nikamwambia. "Uje hapa ujifunze kuanzia mbele, kama watu."

"Vidole vyangu vimezoea vile."

"Vitazoea upya. Mlee, mpeleke shule, mwite mwanao. Lakini kuanzia kisogoni ni kwangu."

"Mwanangu, una miaka ishirini na sita."

"Najua kuhesabu."

"Mimi nataka kama jana," mtoto akasema.

Baba akanawa, akaja, akasimama nyuma ya kiti. Nikamgawia nywele za mbele, nikamshikisha mafungu matatu. Vidole vyake vinene vikajikwaa, vikatulia, vikaanza kwenda. Mtoto akaegemeza kichwa tumboni kwake bila kuombwa.

Msuko ulifika mwisho umenyooka. Kwa mtu wa mara ya kwanza, ulikuwa mzuri sana.

Niliufumua wote, nikamwambia arudie.