Ngozi ya Maksai Mweusi

Verediana alikuwa amekwisha kukata vipande kumi na viwili wakati mzee Gidabuday alipoinama mlangoni akaingia. Kazi ya siku hiyo ilikuwa mijeledi arobaini ya walinzi wa shamba la ngano. Kwa kawaida karakana yao ndogo pale Katesh ilishona mikanda, makubadhi na mikoba ya shule, lakini dawa ya kulainishia ngozi ilikuwa imeadimika tangu Pasaka. Mijeledi haihitaji dawa. Hukatwa ngozi ikiwa mbichi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Miaka mingi Gidabuday alikuwa akiwauzia ngozi, na kila akija alikaa kwanza, akawauliza habari za watoto. Leo alisimama akiitazama meza. Ngozi ilikuwa nyeusi tii, yenye baka jeupe begani.

"Huyo ni maksai wetu," alisema.

"Wameileta walinzi jana jioni, mzee."

"Waliwakamata ng'ombe wetu wakienda bwawani kunywa. Njia ile sasa imelimwa. Wakawafungia siku nne bila maji, huyu akafa. Baba amefariki alfajiri. Maksai huyu alimtenga mwenyewe, tangu akiwa ndama. Kwetu mzee hazikwi bila kufunikwa ngozi ya dume lake."

Verediana aliweka kisu chini.

Meneja Xavery alitoka chumba cha nyuma, karatasi mkononi. "Pole kwa msiba, mzee. Lakini hii ni mali ya shamba. Imeandikwa hapa."

"Maksai ni wangu."

"Nenda ofisini kwao, uwaandikie barua."

"Maiti ingoje barua?"

Xavery hakuwa mtu mbaya, ila shamba ndilo mteja pekee aliyebaki. "Verediana, endelea. Lori linakuja saa kumi," alisema, akatoka kwenda kutafuta chumvi kwenye duka la ushirika.

Gidabuday naye akageuka kuondoka.

"Kaa, mzee," Verediana alisema.

Alivilowesha vile vipande, akavipanga ubavuni mwa ngozi kwa kufuata alivyovikata, kisha akachukua shazia, ile sindano nene, na uzi wa nta. Mzee akashika kingo zisisogee. Ngozi mbichi ni ngumu, nayo huteleza. Verediana alipomaliza mshono wa pili kidole chake kilikuwa kinavuja damu. Zita, mwenzake wa meza ya pili, aliwatazama muda mrefu. Halafu akaacha mkanda aliokuwa anaushona, akatafuta sindano yake, akaanzia upande wa pili.

"Mtamzika wapi?" Verediana aliuliza.

"Penye kaburi la babu. Pana ngano sasa. Tutawaomba wenye shamba."

Saa tisa na nusu mzee aliikunja ngozi, akajitwisha begani, akashika njia ya Basotu.

Xavery aliporudi alikuta meza tupu.

"Mzigo wa shamba uko wapi?"

"Nimemrudishia mwenyewe. Zita hahusiki."

Xavery alikaa kwenye boksi la mlangoni, mfuko wa chumvi magotini. "Unajua nitaambiwa nini?"

"Najua."

"Basi vua aproni."

Aliivua, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Nje lori la shamba lilikuwa linapiga honi.

Wiki iliyofuata, mnadani, alikutana na mke wa Gidabuday. Yule mama alimweleza kwamba walinzi waliwazuia kwenye geti tangu asubuhi mpaka jua likazama. Maiti haikuweza kungoja zaidi. Wakamzika baba yake Gidabuday kando ya barabara, nje ya shamba, mahali malori ya ngano yanapopishana.

Verediana aliangalia chini.

"Mama, mshono ulishika?"

"Ulishika," alijibu yule mama. "Hata udongo haukupenya."