Simu Iliyonyamazishwa

Mama Mkasi hakupewa jina hilo kwa ukali wake, ingawa ukali nao alikuwa nao wa kutosha. Alipewa kwa sababu katika duka lile la ushonaji mkasi ulikuwa wake peke yake. Sheria ya duka aliiweka mama mkwe zamani: anayekata hashoni, anayeshona hakati. Na mama mkwe alipochoka, alimkabidhi mkasi mkwewe, mbele ya wateja kabisa, akamruka bintiye wa kumzaa. Bintiye akabaki na cherehani na donge moyoni. Sasa mama mkwe hayupo tena, mume wa Mama Mkasi naye hayupo, na mawifi wawili bado wanakaa chumba kimoja, huyu mezani, yule kwenye cherehani, wakiitana "wifi" kwa sauti ambayo mgeni angeidhania ni ya mapenzi matupu.

Basi mtu wa namna hii, macho yakianza kumsaliti, atamwambia nani?

Ulianza ukungu, tena katikati, palepale mtu anapotaka kuangalia. Pembeni aliona vizuri tu. Aliona mlango, aliona kitambaa kimelala mezani, aliona hata paka wa jirani akinyemelea chakula chake cha mchana. Lakini akimkazia mtu macho, mtu huyo alipotea uso. Daktari wa macho alimwambia bila kuzunguka kwamba yaliyokwenda hayatarudi, na yaliyobaki yatakwenda polepole. Muuguzi wa pale, dada mmoja mwenye subira, akamwashia sauti kwenye simu: ukigusa mara moja, simu inakusomea, ukigusa mara mbili, inafungua. Mama Mkasi akarudi dukani na waya masikioni, akatangaza kwamba siku hizi amependa michezo ya redio.

Kazi akaipanga upya. Futikamba aliitia vifundo vya uzi, akawa anapima kwa vidole. Hakuandika kitu. Alimnong'oneza mteja namba zake sikioni, na mteja akajiandikia mwenyewe kwenye simu yake na kumtumia. "Siri yako, mama," alikuwa akiwaambia. "Hapa hata wifi yangu hakijui kiuno chako." Wateja walifurahi mno, sifa zikaenea kwamba duka lile lina heshima. Wengine, wakishaachwa peke yao na namba zao, walijipunguzia kidogo. Mama Mkasi alilijua hilo, vidole vyake havikuwa vijinga, kwa hiyo kila kiuno chenye mashaka alikiongezea inchi za uongo. Nguo zikawa zinawakaa vizuri ajabu, na kila mmoja akaendelea kuamini alichokiandika.

Tatizo lilikuwa wifi yake, ambaye hakuweza kuona mtu ana jambo asimchimbe.

"Leo imekuwaje huko kwenye redio?" angeuliza huku mguu uko kwenye cherehani.

Mama Mkasi, ambaye tangu asubuhi hakusikia ila mabega na mikono ya watu, ilimbidi atunge. Akamtungia mjane mmoja na injinia mmoja. Injinia alikuwa mzuri, lakini alikuwa na siri. Wifi akanaswa. Ikawa kila siku sharti aambiwe kilichotokea, na mara nyingine anakasirika na kumwita injinia mbwa.

"Na unitungie uzi huu, wifi, mikono yangu ina mafuta ya cherehani."

Mikono ya wifi ilikuwa na mafuta kila uzi ulipokatika. Mama Mkasi aliuita huo uvivu uliokomaa. Aliinamia sindano ya cherehani, akautunga uzi kwa kupapasa na kwa ncha ya ulimi, akarudi mezani huku akisonya kimoyomoyo.

Siku moja mezani palikuwa na kitambaa cha bibi harusi. Shangazi yake alikileta kutoka safari ya mbali, cheupe, kizito, kinateleza kwenye kiganja, na hakuna dukani wala mjini pisi nyingine kama hiyo. Kilitakiwa kikatwe siku ileile, maana harusi haikuwa ya kungoja fundi. Bibi harusi mwenyewe alikuwa kwao, mbali. Kwenye benchi alikaa Mama Mkurugenzi akisubiri kujaribu gauni lake, pamoja na wateja wengine wawili waliokuja kwa pindo la suruali na kwa maongezi.

Mama Mkasi alikuwa amekwisha kusikia kifua, thelathini na sita, na kiuno, ishirini na tisa. Akaona kwanza anyooshe ukingo wa kitambaa. Mkasi ukapita, krap, ukala ukingo pamoja na waya wa masikioni uliokuwa umejilaza juu yake.

Katika miaka yote ya kukata hakuwahi kukata kisichotakiwa. Alipapatika, akauchomoa mguu wa waya uliobaki kwenye simu, na hilo ndilo lililommaliza. Kidole kilipoteleza kwenye kioo, simu ilifungua kinywa mbele ya chumba kizima:

"Mama Mkurugenzi. Kiuno, thelathini na mbili."

Macho yote yalikwenda kwenye kiuno cha Mama Mkurugenzi, yakakaa hapo kwa muda ambao si wa adabu. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Nyonga, thelathini na nane," simu iliendelea, haina haya.

"Izimeni hiyo!" Mama Mkurugenzi akasimama.

Wakaivamia. Mteja wa pindo alitelezesha kidole, simu ikamsomea hali ya betri. Mwenzake akaibonyeza kwa nguvu, ikamwambia, "Gusa mara mbili ili uwashe," naye akagusa mara nne, ikaanza kusoma ujumbe wa mtu mwingine, kifua na yote. Wifi aliyekuwa na ushauri kwa kila jambo akapiga kelele kwamba itiwe chini ya mto.

Mama Mkasi alijua kabisa dawa yake. Vitufe viwili vya ubavuni, vibonyezwe pamoja na kushikiliwa kidogo, basi. Lakini ajuaye kuizima ataulizwa nani aliiwasha. Akasimama na mkasi wake mkononi, mdomo wazi kama wenzake, akasema, "Jamani, imepatwa na nini hii?"

Aliitwa fundi simu wa chumba cha pili. Watu walimwita Daktari kwa sababu alivaa koti jeupe na simu mbovu aliziita wagonjwa. Akaingia, akanyoosha mkono bila kusalimu, akaisikiliza simu kidogo akiwa ameinamisha kichwa.

"Nani aliiwasha hii?" akauliza. "Maana hii haijiwashi yenyewe. Hii ni ya watu wasioona."

Cherehani ilinyamaza. Mama Mkasi alijua wifi amegeuka na kumtazama, hilo halikuhitaji macho, na alijua pia kwamba neno moja likimponyoka hapo, mkasi utahama meza kabla ya jioni.

"Asione nani?" akaja juu. "Mimi ninayekata mstari ulionyooka kuliko barabara zenu? Itakuwa imejiwasha mkobani."

"Hutokea," alisema Daktari, ambaye sekunde chache nyuma alisema haitokei. Akabonyeza hapa na pale, simu ikakata kauli katikati ya neno. Na kwa kuwa ni mtu wa kazi safi, akaingia hadi ndani ya mipangilio. "Nimeifunga na njia ya mkato kabisa. Hata ukibonyeza kwa bahati mbaya, hairudi. Umepona, mama."

"Mungu akubariki," alisema Mama Mkasi.

Wakampongeza Daktari, wakampongeza na Mama Mkasi. Mama Mkurugenzi alijaribu gauni lake kwa hasira, likamkaa vizuri, akaondoka akiliambia benchi kwamba mashine haikusema uongo, na kila mtu ashuhudie kuwa gauni lile la thelathini na mbili limemwingia.

Mteja wa pindo na mwenzake nao wakaenda zao, chumba kikabaki na watu wawili na kitambaa.

"Kata basi, wifi," alisema wifi yake. "Nikae tu hapa napiga miayo?"

Mama Mkasi aliinua simu. Kilikuwa kioo chenye mwanga, na katikati yake ukungu. Alikisogeza kulia, akakisogeza kushoto, akakiibia kwa kona ya jicho. Herufi zilikuwa chungu waliotawanyika. Kumpigia bibi harusi? Hata jina lake humo lilikuwa doa tu. Alikuwa na kifua na kiuno. Nyonga hana, bega hana, urefu hana, na kitambaa kile ukikikosea mara moja umekikosea moja kwa moja.

"Wifi," akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "nisomee vipimo vya bibi harusi. Mikono yangu imejaa chaki."

"Mimi? Si ulisema ni siri?"

"Leo nimekuruhusu."

Wifi hakuinuka haraka. Akaja, akaipokea simu, akakohoa.

"Kifua, thelathini na nne. Kiuno, ishirini na sita."

Thelathini na sita Mama Mkasi aliisikia kwa masikio yake, na ishirini na tisa pia, na mwili ule aliupima kwa mikono yake. Anataka niharibu, akawaza. Miaka yote hii amekuwa akiingoja siku hii. Niharibu kitambaa cha watu, mji mzima useme Mama Mkasi amekwisha, achukue mkasi wa mama yake. Hasira ikampanda mpaka kwenye meno.

"Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Kwani nimeandika mimi? Ndivyo."

"Soma tena."

"Kifua, thelathini na tano," alisoma wifi. "Kiuno, ishirini na nane."

Hapo hasira ikakosa pa kushika. Mwenye hila angeshika namba moja asiiachie. Mama Mkasi akageuza uso upande wa dirisha, kama anayeangalia nje, na kwa pembe ya jicho, pale palipobaki pazuri, akamwona wifi yake: mkono umenyooshwa mpaka mwisho, simu iko huko mbali kama inanuka, kichwa kimevutwa nyuma, macho yamefinywa, midomo inatafuta namba yoyote ya kusema.

Mikono yenye mafuta. Kila uzi ulipokatika.

Alikuwa na njia ya kunyamaza. Angesema kichwa kinamuuma, kitambaa kisubiri kesho, na kesho atafute uongo mwingine. Alikuwa amechoka. Alichoka na injinia, alichoka na vifundo, alichoka kuogopa mtu aliyekula naye sahani moja zaidi ya nusu ya maisha yake. Akaulaza mkasi mezani.

"Wifi, mimi sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni. Macho yananiacha. Ile sauti niliiwasha mimi, ndiyo iliyokuwa ikinisomea." Na akalia, waziwazi, kwa pua na kila kitu, akausukuma mkasi kwa mpini mpaka ukagusa mkono wa mwenzake. "Chukua. Ulikuwa wako tangu mwanzo. Kata wewe."

Wifi aliutazama mkasi alioulilia tangu siku ile ya mama yake. Akauinua, akaupima uzito, akaukalisha vidoleni kama anayejaribu pete. Akakiinamia kitambaa, akainuka, akainama tena, akarudi nyuma hatua. Kisha akaurudisha mezani taratibu.

"Nikate wapi?" akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Mstari wenyewe siuoni. Kitu kikiwa kule barabarani nakiona, nakuhesabia hata vifungo vya shati la mtu. Kikiwa mkononi mwangu, hakuna. Nashona kwa kushika, wifi. Niliogopa ukiniona na miwani utaleta fundi mwingine kwenye cherehani."

Walitazamana, kwa kadiri kila mmoja alivyoweza.

"Kwa hiyo uzi wote ule," alisema Mama Mkasi polepole, "nilikuwa natunga mimi."

"Nilidhani una macho ya tai!"

Kicheko kiliwatoka pamoja na machozi, kikawakalisha wote wawili chini, kwenye vipande vya nguo za watu. Kilipopoa, wifi alijifuta uso kwa pindo la mtu.

"Ngoja kwanza. Kama ulikuwa unasikiliza vipimo, na yule injinia?"

"Hakuna injinia."

"Hata mjane?"

"Hata mjane."

Wifi aliupokea msiba huo. "Hilo ndilo sitakusamehe," akasema, akamshika mkono kumwinua.

Wakatoka, mmoja akimwongoza mwenzake kwa vitu vya mbali, mwingine akimwongoza kwa vitu vya karibu, wakafika chumba cha pili bila kujikwaa. Daktari alikuwa amemfungua mgonjwa mwingine tumbo. Mama Mkasi akamwambia wanataka ile sauti irudi.

"Irudi?" Alionekana kama ametukanwa. "Mama, si nimekueleza? Ile ni ya watu wasioona."

"Ndio sisi," alisema wifi.

Daktari aliwaangalia, huyu kisha yule. Akanyoosha mkono apokee simu. Akapewa mbili.