Skana Isiyojulikana

Olga alikuwa karani wa kanisa moja katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mwanamke wa Bukavu aliyesomea ualimu, na swali likishamwingia kichwani hakulala. Ofisini alikuwa na kompyuta moja, printa na skana nzito ya kijivu. Watu wa kambi walimletea vyeti na picha awatolee nakala.

Mwaka 2014, Wellars, fundi Mnyarwanda mwenye kibanda Area 47 mjini Lilongwe, alimwambia mfumo wa kompyuta yake umeshazeeka, na walioutengeneza wameacha kuulinda dhidi ya virusi. Akamwekea mpya. Kompyuta ilirudi ikiwa nyepesi, na kwa siku mbili Olga alifurahi.

Siku ya tatu alikuja Léonidas, mzee wa Burundi aliyekuwa anahamia Kanada Alhamisi ile. Alileta picha ya wazazi wake, pekee iliyosalia. Dada yake Marguerite hakuwa kwenye safari.

"Nataka kila mmoja akuwe na yake," alisema.

Olga aliwasha skana. Taa iliwaka, lakini kompyuta iliandika kwamba kifaa hakijulikani. Alibadilisha waya, akajaribu tundu jingine, akazima na kuwasha upya. Ikawa yaleyale.

"Imeharibika?" Léonidas aliuliza.

"Hapana, iko muzima. Njo inanishangaza. Wiki jana zilikuwa zinasikilizana. Urudi Jumatano, papa."

Kesho yake aliifunga skana kwenye kitenge, akapanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, hadi barabara kuu, kisha minibasi hadi mjini. Wellars aliiunganisha na kompyuta yake, yenye mfumo uleule mpya. Nayo haikuijua.

"Kila kifaa kinahitaji pilote, mama," alieleza. "Ni programu ndogo ya kukitafsiria mfumo. Pilote ya hii skana iliandikwa kwa mfumo wa zamani, na kampuni haikuandika ingine. Itabidi upate skana mpya."

Olga hakuinuka.

"Hizo pilote, ni batu njo banaziandika?"

"Ni batu."

"Basi hakuna mutu mwingine, asiye wa kampuni, aliyejaribu kuandika ya hii?"

Wellars hakuzoea swali kama hilo. Wateja wake huuliza bei na siku ya kuchukua mzigo. Alifungua droo, akatoa diski aliyopewa na mwanafunzi mmoja wa chuo. Ilikuwa na mfumo wa bure, ambao watu wa nchi mbalimbali huuandikia pilote kwa kujitolea. Uliweza kuendeshwa kutoka kwenye diski bila kugusa kitu ndani ya kompyuta.

"Sina hakika kama banaijua skana yako."

"Tuangalie."

Waligeuza skana, wakasoma namba iliyobandikwa chini yake, kisha wakawasha kompyuta kwa diski ile na kuitafuta namba hiyo kwenye orodha ya vifaa vyenye pilote. Ilikuwepo. Kwa kuwa hawakuwa na karatasi karibu, Olga aliweka kiganja chake juu ya kioo. Mwanga ulipita chini taratibu, na mistari ya mkono wake ikajitokeza kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine. Wellars naye akaomba kuweka wake.

Jumatano Léonidas alirudi na Marguerite. Olga aliwasha kompyuta kwa diski aliyoazimwa, akaiskani picha na kuihifadhi kwenye flashi, kisha akarudi kwenye mfumo mpya, maana huko ndiko alikokuwa na hakika kwamba printa inajulikana. Kabla ya kuchapa aliikuza kwenye skrini, aone kama imetoka safi.

"Ngoja," alisema Marguerite. "Hapo pembeni, nyuma ya kitambaa cha mama."

Olga aliikuza zaidi. Kikaonekana kiguu cha mtoto mchanga, kimechomoza kwenye kitambaa.

"Yeye alikuwa anakubeba mgongoni," Léonidas akasema polepole. "Mimi niliona picha hii miaka yote, sikujua kama uko ndani."

Marguerite aliweka kidole kwenye skrini, akakiacha hapo kwa muda. Nakala zilipotoka, Léonidas alichukua moja na kumwachia dada yake picha yenyewe.

Walipoondoka, Olga aligeuza printa juu chini, akanakili namba yake kwenye daftari. Alitaka kujua kama mfumo wa kwenye diski nao ungeweza kuijua.