Yule Mwanamke wa Wembley Aliyezaa Mara Mbili Siku Moja

Habari yenyewe ilimfika Jokha kwa simu, mimba ikiwa ya miezi saba, naye kapakata ungo anachambua mchele. Aliyepiga ni shoga yake Siham, muuza mabaibui katika duka moja la Edgware Road, London, na Siham hapigi simu kwa salamu tu.

"Umesikia ya yule mwanamke wa huko kwenu Wembley?"

"Mwanamke gani?"

"Wa pacha! Wa kwanza kamzaa mwenyewe, kwa njia yake, kwa uchungu wake wote. Wa pili akagoma. Wakampasua. Hebu fikiria, shoga yangu: juu kisu, chini nyuzi. Kazaa mara mbili siku moja!"

Jokha akauweka ungo chini. Tumboni mwake walikuwamo wawili, na kama waliosikia, wakaanza kupigana mateke.

"Jina lake nani?"

"Jina sikuambiwa. Lakini ni mtu wetu, wa Kizanzibari."

Tangu siku hiyo yule mwanamke alihamia nyumbani kwa Jokha. Alikula naye, akalala naye, akapanda naye basi. Jokha akawa anamtafuta barabarani. Kila gari la kusukumia watoto wawili aliloliona Ealing Road alilifuata, amtazame mama mtu anavyotembea: anachechemea? Kashika tumbo? Lakini kila gari lilikuwa la Mhindi au Msomali, na wote walitembea vizuri kuliko yeye. Ajabu ni kwamba Wazanzibari wa Wembley wanajuana mpaka rangi za mapazia, na huyu mmoja hakuna aliyewahi kumwona.

Huo ulikuwa mwaka 2003, uwanja wa mpira umevunjwa, na mume wake Mahir anaendesha basi zamu za asubuhi. Mahir alipoulizwa maoni yake, azae kawaida au apasuliwe, alisema, "Wewe ndiye mwenye tumbo." Alidhani amempa heshima. Jokha aliona ametupiwa mzigo.

Aliyekuwa na maoni ya kutosha watu wote ni Bi Zuwena, mama yake Mahir. Alikuwa keshakuja kutoka Pemba tangu mimba ya miezi sita, na sanduku moja, nusu nguo zake, nusu vitu vya uzazi: mdalasini, pilipili manga, mafuta ya nazi, na mkaja mpya wa kumfunga tumbo mzazi.

"Mwanamke akizaa anakandwa kwa maji ya moto siku arobaini," alisema, akiunyoosha ule mkaja juu ya kochi. "Sasa aliyepasuliwa utamkanda wapi? Simkandi mie. Mshono ukifumuka nitaambiwa mimi mchawi."

"Inshallah, mama," akasema Jokha.

"Inshallah nini? Utazaa kawaida?"

"Inshallah."

Basi na hapo ndipo ubaya ulipokaa. Kwao Jokha mkubwa hajibiwi "sitaki", wala "sijui", wala "naogopa". Anajibiwa inshallah, naye aondoke na jibu alilokuja nalo. Bi Zuwena aliondoka na jibu la kuzaa kawaida. Mahir, aliyekuwa kimyakimya anapenda kisu kwa kuwa kina tarehe na angeweza kuomba likizo, naye alipewa inshallah yake. Kila mtu ndani ya nyumba alikuwa na uhakika, isipokuwa mwenye tumbo.

Kliniki walimwita wiki ya thelathini na sita. Daktari, mama mrefu wa Kiingereza, akatazama picha za mashine, akaeleza polepole. Kando yake alikaa mkunga Serah, Mkenya wa Nyeri, akitafsiri.

"Anasema mtoto wa kwanza kichwa kiko chini, vizuri kabisa. Wa pili amekaa kitako. Unaweza kujaribu kuzaa kawaida: tutakuwekea sindano ya ganzi ya mgongo mapema, na chumba cha upasuaji kiko karibu kama wa pili akisumbua. Ama tukupangie upasuaji, Jumanne ijayo. Kila njia na hatari yake. Anauliza, wewe ungependa ipi?"

Jokha akamtazama daktari. Tangu azaliwe hakuwahi kuona daktari anayemuuliza mgonjwa la kufanya. Hospitali ya Wete, kwao Pemba, ulikuwa ukifika unaambiwa, na ukichelewa unagombezwa. Akashuku kwamba huyu hajui kazi.

"Inshallah," akasema.

Serah akatafsiri. Daktari akafikiri, kisha akauliza, kwa adabu kabisa, Mungu akipenda ipi?

Serah akajizuia kucheka. "Mama, kama kuna kitu kinakusumbua, niulize mimi. Hata kama ni kitu cha aibu."

Kilikuwepo. Kilikuwa mdomoni kabisa: yule mwanamke. Je, ni kweli? Hutokea mara ngapi? Lakini Jokha alikuwa na hesabu zake. Mzungu akikusikia hana wa kumwambia. Mswahili, hata wa bara, anayo simu. Huyu Serah nikimwambia naogopa, kufika Ijumaa Kenya nzima inajua. Akatikisa kichwa, hakuna kitu.

"Sawa. Basi utupigie kabla ya Ijumaa utuambie umeamua nini. Lakini sikiliza: maji yakivunjika au uchungu ukianza, unakuja hapo hapo. Usingoje nyumbani. Pacha hawangojewi."

"Inshallah."

Ijumaa ikaja, ikapita. Simu ilikuwa ukutani, mkono haukwenda. Akichagua kisu, Bi Zuwena na mkaja wake wamekaa sebuleni. Akichagua kuzaa kawaida, yule mwanamke amekaa kitandani.

Jumamosi saa tatu asubuhi maji yakavunjika, jikoni, mbele ya sinki. Jokha akayafuta kwa kitambaa cha kupigia deki, akatia tangawizi kwenye chai. Wazo lilikuwa limemjia, na yeye aliliona wazo la akili sana: akichelewa kidogo, afike hospitali mtoto yuko mlangoni, hapatakuwa na wa kumuuliza tena. Mambo yataamuliwa, na hakuna atakayesema Jokha ndiye aliyeamua.

Akakaa na uchungu wake saa nne nzima, meno kayauma, akisema ni mgongo tu. Bi Zuwena ndiye aliyemkurupusha. "Mgongo gani unaokuja na kwenda? Mahir! Mahir karudi? Washa gari!"

Wazo likafanya kazi kama alivyolipanga, sehemu ya kwanza. Dakika ishirini baada ya kufika, mtoto wa kike akatoka mwenyewe, analia. Jokha akacheka kwa furaha. Kumbe ndiyo hivi tu!

Wa pili, alipopata nafasi, akajigeuza akalala kimkingamo. Daktari akajaribu kumweka sawa kwa mkono juu ya tumbo, akajaribu tena. Mashine ya moyo wa mtoto, iliyokuwa inagonga mbio, ikaanza kugonga kama mtu aliyechoka kupanda ngazi. Chumba kikajaa watu. Serah, aliyekuwa zamu, akamwinamia.

"Mama, moyo wa mtoto unashuka. Lazima tumtoe sasa hivi. Sindano ya mgongo haina wakati tena, ungekuja mapema tungekuwa tumeiweka. Utalazwa usingizi kwa nusukaputi. Unakubali?"

"Ndiyo! Ndiyo, mtoeni! Mtoeni mwanangu!"

Lilikuwa jibu la kwanza la wazi kutoka kinywani mwake tangu mimba iingie, na alilitoa pale ambapo hakukuwa na la kuchagua.

Alipozinduka, mkono ulikwenda tumboni, ukakuta plasta. Mtoto wa kiume alikuwa ghorofa nyingine, ndani ya kisanduku cha kioo, na mipira puani. Yuko hai, walimwambia. Macho ya kwanza kumwona yalikuwa ya Serah, si ya mama yake. Yeye alipelekwa kumwona kesho yake, kwa kiti cha magurudumu, na kwa siku tisa alimjua kwa kumpitishia kidole kwenye tundu.

Jumanne, siku ile ile ambayo angepasuliwa kwa raha zake, wageni wakaja wodini. Siham na maua. Wifi yake Najla, kutoka Croydon, na chungu cha supu. Bi Zuwena akimimina uji.

"Maskini shoga yangu," Siham akaanza kabla hajakaa, "umekuwa kama yule mwanamke wa Wembley!"

"Siham, leo utanitajia. Nani huyo mwanamke?"

"Mie kaniambia Najla."

"Mie kaniambia mama," akasema Najla.

Wote wakamgeukia Bi Zuwena. Naye hakuacha kumimina.

"Mie nilimsikia Jokha mwenyewe. Yuko jikoni na simu, anasema wa kwanza katoka, wa pili kagoma, wakampasua. Nikasema, masikini, nani tena huyo?"

"Nilikuwa nauliza, mama! Niliuliza, je, wa kwanza akitoka na wa pili akigoma, watanipasua?"

"Kuuliza sikukusikia. Nilisikia kupasua."

"Na ulikuwa unamuuliza nani?" akasema Najla.

Siham akawa anatafuta kitu ndani ya mkoba. Alikitafuta muda mrefu.

"Si ulikuwa wewe, Siham!" akasema Jokha. "Nikakuuliza, ukaniambia ngoja nikuulizie!"

"Basi," akasema Siham, "si nilikuulizia?"

Jokha alitaka kucheka, mshono ukamkataza.

Wageni walipotoka, Bi Zuwena akavuta pazia la kitanda. Akatazama huku na huku, akainua gauni lake. Toka kitovuni kushuka chini, mstari mweupe, mnene kama kamba.

"Mahir huyo. Alinipasua daktari wa Kichina, mwaka sabini na moja."

"Na... ulikandwa?"

"Mgongo, miguu, mabega. Tumbo likaachwa mpaka likapona. Nani mwenda wazimu anakanda mshono?"

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Aibu, mwanangu. Na wewe hukuniuliza. Kila nikisema kitu, inshallah."

Hao watoto sasa wanasoma shule, wazima wote wawili, wanajibu Kiswahili kwa Kiingereza. Jokha ni mtu wa darasa la saba tu, lakini ameandika karatasi kwa mkono wake, ameibandika kwenye mlango wa friji, na mgeni mwenye tumbo hapewi chai mpaka aisome:

Jiepushe na habari ya mtu asiye na jina.
Usimuulize muuza mabaibui jambo la mkunga.
Usimkwepe mkunga kwa kuwa anajua lugha yako. Wa kwetu ndio waliotangaza, Serah hakutoa neno.
Usimwambie daktari inshallah ukanyamaza. Sema inshallah, kisha sema unataka nini.
Maji yakivunjika usichemshe chai.
Usifikiri ukichelewa hujaamua. Umeamua.
Usiogope kisu kwa ajili ya mkaja. Mkaja unangoja.
Usimfiche mkweo hofu yako. Muombe akuonyeshe tumbo lake.