Vigae vya Njano

Kavuo alishuka kwenye lori mjini Beni, akaenda moja kwa moja parokiani, ambako mdogo wake Mélanie aliwahudumia wakimbizi wa Eringeti. Alitaka kuona vigae vya kusafisha maji alivyomtumia vinafanyaje kazi. Alimkuta Mélanie ameketi chini, mwanawe Muyisa mapajani, macho yamezama, midomo imekauka.

"Yaya, anaharisha tangu jana," Mélanie alimwambia dada yake. "Na anakunywa maji ya vigae vyako tu."

Kavuo alichuchumaa, akamgusa mtoto paji la uso.

Kabla vita havijafunga shule, alifundisha kemia Butembo. Wakimbizi hawakuweza kuchemsha maji: kuni zilikuwa msituni, na msituni kulikuwa na wenye bunduki. Alijua kwamba dioksidi ya titani, poda nyeupe ya rangi za nyumba, huua vijidudu vya maji ikipigwa na jua. Ila hutumia sehemu ndogo tu ya mwanga, ile isiyoonekana kwa macho, na mawingu ya Butembo hayana huruma. Basi akaichanganya na mbolea ya urea, akaichoma katika tanuri la mkate. Nitrojeni ya mbolea ikaingia ndani yake, poda ikageuka njano, na mwanga wa kawaida ukaitosha. Akaigandisha juu ya vigae. Kambere, muuguzi, aliyapima maji machafu yaliyokaa na kigae mchana kutwa, akasema yanafaa kunywewa.

"Mabeseni ya maji yako wapi?" Kavuo aliuliza.

"Kule inje, kwenye mwanga, vile ulisema."

Yalikuwa yamepangwa vizuri uani. Kila moja lilifunikwa kwa sinia, na jiwe juu.

"Nani amefunika?"

"Ni mimi! Maji ya batu wengi, naweza kuacha wazi? Mutu akitia sumu, watasema ni Mélanie. Maman angenipiga!"

Kavuo alifunua beseni. Kigae kilikuwa kimelala gizani siku zote hizo, kama jiwe lolote. Alikuwa ameeleza kila kitu isipokuwa kifuniko. Nyumbani kwake alivijaribia ndani ya mitungi ya kioo, inayopitisha mwanga hata ikifunikwa, na kufunika maji ni jambo ambalo mwanamke hafundishwi mara mbili.

"Na Muyisa alikunywa?"

"Wa kwanza. Batu walikataa maji ya unga. Donc, basi, nikakunywa mbele yao, nikapatia na mutoto. Bila hivyo nani angeamini?"

"Na sisi tukaamini," mama mmoja mkimbizi alisema nyuma yao.

Kavuo alimnyakua mtoto, akakimbia naye kituo cha afya. Walimwekea serumu mshipani. Hawakuahidi kitu.

Aliporudi parokiani, alimwomba padri vioo vya madirisha ya ofisi. Padri alivitoa. Poda nyeupe isingefanya kazi vizuri chini ya kioo, kwa kuwa kioo hupunguza ule mwanga usioonekana; ya njano ingefanya. Mabeseni yakafunikwa kwa vioo, kila mtu akiona ndani. Kesho yake jioni, kituo cha afya kikayapima maji, kikasema ni salama.

Wanawake walisimama mbali. Mélanie, aliyemwacha mtoto kituoni akiwa bado hajafungua macho, alichota kikombe, akamsogezea dada yake.

"Leo hapana mutoto wangu, Yaya. Kunywa weye."

Kavuo alikipokea kwa mikono miwili.  Akayanywa maji yote, wanawake wakimtazama.