Nyumba Isiyo na Mtu

Siku za meli, Shangazi alikatazwa kukohoa.

Hakuna aliyemwambia hivyo waziwazi. Meneja wa matembezi alisema tu kwamba nyumba anamoishi Shangazi, ile iliyoshikana na ukuta wa mji wa kale, yenye mlango wa karne ya kumi na nne, kwenye maelezo imeandikwa haina mtu tangu enzi hizo, na wageni wa meli hupenda magofu yaliyotulia. Basi kwa saa sita ambazo meli iko bandarini, nguo zisianikwe, redio izimwe, dirisha lifungwe. Mtembeza wageni, msichana ambaye mtaa mzima ulimwita Maneno kwa wepesi wa ulimi wake, alilelewa humo ndani na huyo Shangazi. Maneno alikubali. Kitambulisho cha kazi kilichoning'inia shingoni mwake ndicho kilichonunua dawa za kifua.

"Mimi ni marehemu wa miaka mia sita," Shangazi alimtania asubuhi ile. "Haya, nenda kanizike, na usikosee tarehe."

Kundi namba tisa lilisimama chini ya dirisha, watu thelathini na stika zao za njano. Maneno alikuwa katikati ya maelezo kitu kilipoanguka ndani, kikavunjika. Kisha kikohozi.

"Kuna mtu humo?" mgeni mmoja akauliza.

"Njiwa," akajibu, akaendelea. Mnara. Lango. Ukuta. Kikohozi kikageuka mkoromo. Alimaliza maelezo ya ukuta wote ndipo moyo ukamshinda. Akausukuma ule mlango mbele ya kamera zote.

Shangazi alikuwa sakafuni, kando ya jagi lililopasuka. Maneno alimwinua, akamnywesha maji, akamwegemeza kifuani pake mpaka pumzi zikarudi.

"Njiwa," Shangazi akanong'ona. "Nimekusikia, mwanangu."

"Nisamehe, Shangazi."

Shangazi aligeuza uso ukutani.

Alasiri, meli ilipokwisha kung'oa nanga, meneja alimsogezea karatasi. Wageni walikuwa wamelalamika kwamba wamedanganywa.

"Andika barua ya kuomba radhi, dada yangu. Sema yule mama alivamia jengo. Mistari miwili tu, na kazi yako iko palepale."

Maneno alikivua kitambulisho, akakilaza juu ya karatasi tupu.

"Radhi nimeshaiomba leo, kwa mwenye haki nayo, na sikupewa. Wewe sikuombi."