Nati Mbili Ndani ya Diski

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne, kipindi namba 137 kilikataa kufunguka. Jina lilikuwapo kwenye orodha, tarehe ilikuwapo, hata ukubwa wake ulikuwapo. Sauti haikuwapo.

Nilijaribu 138. Kimya. Nikaruka hadi 200, 300, kisha 412, ambacho ndicho cha mwisho. Kimya. Vile 136 vya kwanza vilikuwa vizima.

Ni vipindi vya mume wangu. Alikuwa mtangazaji wa redio kwa miaka ishirini na miwili, na miaka sita iliyopita alifanyiwa upasuaji wa koo uliomwachia pumzi bila sauti. Tangu hapo anazungumza kwa kuandika kwenye ubao mdogo. Kituo chake kilitupa kanda zote kilipohama jengo. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: kwenye kompyuta yetu ya mezani, yenye umri wa miaka kumi na minne, ambayo mwezi uliopita ilianza kugonga ndani kama mtu anayebisha hodi.

Ndiyo maana nilinunua diski ya nje. Muuzaji, ambaye mtaa mzima unamwita Mjuzi, alinipa iliyoandikwa terabaiti mbili. "Humo, mama, utahamia na ukoo mzima na sebule itabaki tupu."

Nilinakili Jumatatu kutwa. Kisha nikafanya kosa. Nilitunza ghala la dawa kwa miaka thelathini na mmoja, na ghalani mzigo unapokewa kwa lebo na idadi: katoni zikitimia, huvunji lakiri, unatia sahihi. Nilihesabu majina. Upande huu 412, upande ule 412. Nikatia tiki kwenye daftari, nikafuta vya asili ili kompyuta ipumue. Sikufungua hata kimoja.

Mume wangu alisimama nyuma yangu akisoma kioo. Akaandika: *Daktari alinizima mara moja. Wewe umerudia?*

Sikucheka. Nilichomoa waya ukutani, maana jambo moja nilikuwa na hakika nalo: kilichofutwa hubaki mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Saa nne na nusu tulikuwa dukani kwa Mjuzi, diski mkobani na kompyuta nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Hakuinuka.

"Mama yangu, diski haina kosa. Kompyuta yako ndiyo ya enzi za Nuhu. Kitu cha kisasa hakielewani na mzee."

"Mbona kwa vipindi 136 vilielewana?"

"Labda mzee alichoka njiani."

"Na kompyuta yako hapo mezani, ya lini?"

"Ya mwaka huu. Hata nailoni sijaibandua."

"Chomeka diski hapo."

Wateja wawili waligeuka. Alichomeka, akafungua 137. Kimya.

"Si unaona? Vimeharibikia kwako kabla ya kufika humu."

"Basi tufungue diski yenyewe."

"Ukiifungua, waranti imekufa."

"Ife mbele ya mashahidi."

Kwenye kona ya duka hukaa fundi wa simu, mwanamke wa maneno machache, aliyekodi meza pale. Alinyoosha mkono bila kuulizwa, akaichukua diski, akaibandua kwa bisibisi. Ndani ya kasha mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, ya kutosha kwenye ukucha, imegandishwa kwenye kibao. Pembeni yake, nati mbili kubwa za chuma, zimebandikwa kwa gundi ili mkono wa mnunuzi uhisi uzito.

"Gigabaiti thelathini na mbili," alisema. "Imefundishwa kusema uongo. Ikijaa inapokea majina tu, vilivyomo inavimwaga."

"Dada, usiniharibie soko," alisema Mjuzi. "Mama, na mimi naletewa tu."

"Umeletewa nati ukaniuzia. Nimerudi, ukamsingizia mzee wangu. Kati yenu wawili, yeye hajanidanganya hata siku moja."

Mume wangu aliwageuzia wateja ubao: *Nati lakini ni halisi.*

Mmoja alicheka, akarudisha rafuni kifaa alichokuwa ameshika.

Mjuzi alianza kutafuta pesa zangu kwenye droo. Nikamwambia aifunge. Nilichotaka ni diski ya kweli, ifunguliwe na fundi kabla sijaigusa, na fundi huyo avitafute vipindi vilivyofutwa, kwa gharama ya duka.

"Hiyo ni kazi ya kutwa, mama. Njoo kesho."

"Nitakaa hapa."

Alileta viti viwili. Akaleta na soda, nilizikataa.

Fundi aliisoma diski ya kompyuta yetu bila kuandika chochote juu yake. Kila kipindi kilichopatikana alikihamishia kwenye diski mpya, nami nikakifungua: mwanzo, katikati, mwisho. Sauti ya mume wangu ilijaa duka saa baada ya saa, ikisoma salamu, ikitania wasikilizaji, na watu waliopita nje walisimama mlangoni. Yeye alikaa ameinamisha kichwa, chaki mkononi, haandiki.

Saa kumi na mbili na dakika nane jioni, vipindi 405 vilikuwa vizima. Saba vilikuwa vimeshaandikiwa vitu vingine juu yake, na fundi alithibitisha mara mbili kwamba havirudi.

Niliandika namba za vile saba, nikaenda mezani kwa Mjuzi, nikamsomea moja moja, na jina la kila kipindi na tarehe yake. Alizisikiliza zote saba amesimama.